Karatasi Mbili za Mama Mkubwa: Kisukari, Kiungulia na Sahani ya Ugali

Mama mkubwa wangu, aliyeko Tanga, ana karatasi mbili alizozikunja na kuzichomeka ndani ya daftari lake la kliniki. Ya kwanza alipewa alipogundulika ana kisukari: punguza ugali, wali, mkate, uji, viazi, ndizi. Ya pili aliipata miezi kadhaa baadaye, chumba kingine, alipolalamikia moto unaompanda kifuani usiku: acha mafuta, pilipili, ndimu, nyanya na kahawa, kula vyakula laini kama uji, wali, mkate na ndizi za kuchemsha. Siku nilipomtembelea alizitandaza zote mbili mezani, akanitazama kwa juu ya miwani.

"Haya mwanangu, wewe uliyesoma. Sasa nile nini? Kokoto?"

Sikuwa na jibu. Jibu alilipata kwingine, kwenye simu, ambako wenye uhakika ni wengi: futa wanga wote, mafuta kula utakavyo, kisukari na kiungulia vyote kwaheri. Akafuata. Akaacha ugali na wali siku moja, akahamia mayai ya kukaanga, kuku wa kukaanga, nyama na mafuta yake, samaki wa nazi nzito. Wiki ya kwanza ilikuwa kama muujiza: sukari ya asubuhi ilishuka, kiungulia kikatulia. Wiki ya tatu kiungulia kikarudi na nguvu mpya, mtu kaketi kitandani saa nane za usiku na glasi ya maziwa mkononi. Kisha siku moja kabla ya adhuhuri akaanza kutetemeka, jasho jembamba likamtoka, maneno yakawa hayaeleweki. Mashine ya kupimia sukari ilisoma 3.1 (milimoli kwa lita), chini mno. Vidonge vyake vya kushusha sukari alikuwa akivimeza dozi ile ile ya zamani, ilhali ile sukari ya kushushwa haikuwepo tena.

Kisa hicho kimoja kimebeba karibu kila fundo la habari hii. Lishe ya wanga kidogo inaweza kweli kumsaidia mtu mwenye maradhi yote mawili. Kinachoiharibu mara nyingi ni vitu viwili: kile kinachowekwa mahali pa ugali, na dawa ambazo hakuna aliyekumbuka kuzirekebisha.

Mlango unaolegea

Kwetu maumivu yoyote yaliyo kati ya kitovu na koo huitwa vidonda vya tumbo, au gesi. Jina moja limebeba maradhi matatu au manne. Vidonda halisi ni majeraha kwenye ukuta wa tumbo au mwanzo wa utumbo mdogo, na vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Barry Marshall, daktari wa Australia, aliwanywa bakteria hao mwaka 1984 ili kuwathibitishia wenzake waliokuwa wakimcheka. Mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Vidonda vya namna hiyo hutibiwa kwa antibiotiki, na kuacha ugali hakumwondoi bakteria.

Kiungulia ni kitu kingine. Tumbo limeumbwa kubeba tindikali kali, na linaihitaji. Umio, yaani njia inayoteremsha chakula kutoka kooni, haukuumbwa hivyo. Kati yao kuna msuli wa mviringo unaobana kama mdomo wa kiroba uliofungwa kamba. Mtu akimeza, unalegea chakula kipite, kisha unabana tena. Kwa wagonjwa wengi wa kiungulia tumbo halitengenezi tindikali kupita kawaida. Mlango ndio unaolegea wakati usiofaa. Na unalegea hasa tumbo likiwa limejaa na kutanuka, au likisukumwa kutoka chini na kitambi, au kanga ikikazwa sana kiunoni, au mtu akijilaza na chakula bado kiko juu.

Mitandaoni wako wanaosema kiungulia huletwa na tindikali kuwa pungufu, na hivyo wanaagiza siki au maji ya ndimu kila asubuhi. Kama ingekuwa hivyo, dawa za kupunguza tindikali zingewazidishia wagonjwa moto badala ya kuwatuliza. Siki kidogo pamoja na chakula huonekana katika majaribio madogo kupunguza mpando wa sukari baada ya kula, hilo siwezi kulikana. Ila mwenye umio uliokwisha kuchubuka, kumpa siki ni kumtia chumvi kwenye jeraha.

Kijiko kimoja cha sukari

Upande wa kisukari, kuna hesabu moja ambayo ningependa iandikwe kwenye kuta za kliniki zote. Ukiikusanya damu yote ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, sukari iliyomo ni gramu 5 hivi. Kijiko kimoja cha chai. Sasa chukua ugali wa sembe wa mtu mmoja mwenye njaa, uliosongwa kwa unga gramu 150. Wanga uliomo unazidi gramu 110, na ukishameng'enywa wote unakuwa glukosi. Mwili unapaswa kupokea mara ishirini na zaidi ya kile kilichomo damuni, katika saa chache, na kukitafutia mahali pa kukaa.

Kwa mtu mzima wa afya kazi hiyo hufanyika bila yeye kujua: kongosho hutoa insulini, misuli na ini hupokea. Kwenye kisukari aina ya 2 misuli na ini vimekuwa vizito kuitikia amri ya insulini, na kongosho limechoka kupaza sauti. Sukari hubaki damuni. Ikiwa 7.0 au zaidi asubuhi kabla ya kula, na kipimo kikirudiwa kikasema hivyo hivyo, daktari anaita kisukari.

Kwa hiyo kupunguza wanga si jambo la ajabu wala si uvumbuzi wa jana. John Rollo, daktari wa jeshi la Uingereza, aliandika mwaka 1797 jinsi alivyomlisha ofisa mmoja mgonjwa wa kisukari nyama kwa wingi na kumnyima vyakula vya nafaka, na sukari kwenye mkojo ikapungua. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, dawa ilikuwa bado ni kunyimwa chakula tu, mpaka insulini ilipopatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921 na kijana Leonard Thompson, wa miaka 14, akachomwa sindano ya kwanza Januari 1922. Ujio wa insulini uliwaokoa waliokuwa wanakufa, na taratibu ukaifanya sahani isahauliwe.

Sahani imerudi. Mwaka 2019 chama cha kisukari cha Marekani kilikubali kwamba, miongoni mwa njia za kula, kupunguza wanga ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kushusha sukari ya damu. Mwaka 2021 uchambuzi uliokusanya majaribio 23 ukaonyesha kuwa baada ya miezi sita, asilimia 57 ya waliokula wanga kidogo walikuwa wameshusha kipimo cha wastani wa sukari chini ya kiwango cha ugonjwa, dhidi ya asilimia 31 ya wenzao. Wanaouza lishe hii hupenda kuishia hapo. Mstari unaofuata unasema kuwa kufikia mwaka mmoja tofauti hiyo ilikuwa imefifia sana, huenda kwa sababu watu huchoka na kurudi walikotoka.

Na kuna jambo linalowaudhi wapenzi wa wanga sifuri. Jaribio maarufu la Uingereza lililoongozwa na Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow liliwapa wagonjwa vinywaji vya unga vya kalori zipatazo 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Karibu nusu yao, asilimia 46, walikuwa hawana kisukari baada ya mwaka bila dawa yoyote. Zaidi ya nusu ya nguvu iliyokuwa kwenye vinywaji hivyo ilitoka kwenye wanga. Kilichowasaidia ni kupungua uzito na kuyeyuka kwa mafuta yaliyojaa kwenye ini na kongosho. Wanga kidogo ni barabara mojawapo ya kufika huko, na wengi huiona rahisi kwa kuwa protini na mboga hushibisha. Barabara nyingine zipo.

Ugali wenyewe nao unastahili wakili. Miaka ya 1980 daktari Donald McLarty na wenzake waliwapima watu wazima katika vijiji sita vya Tanzania, wakachapisha matokeo mwaka 1989: wenye kisukari hawakufika asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9 hivi. Umri uliopimwa si ule ule, kwa hiyo usizilinganishe namba hizo kama uzani wa dukani. Hata hivyo wanakijiji wale walikuwa wakila ugali, tena mwingi. Walikuwa pia wakilima kwa jembe la mkono, wakitembea, na soda ilikuwa ya sikukuu. Ugali haukuanzisha ugonjwa huu peke yake. Lakini mguu ukishavunjika haubebeshwi gunia lile lile uliokuwa ukilibeba zamani, hata kama gunia si lililouvunja.

Wanga unakutana vipi na kiungulia?

Hapa ushahidi ni mdogo kuliko wa kisukari, ila unavutia. Mwaka 2006 watafiti wa North Carolina, Marekani, waliwachukua watu wanane wanene wenye kiungulia, wakawawekea kipima tindikali ndani ya umio kwa saa 24. Kisha wakawapa lishe yenye wanga chini ya gramu 20 kwa siku, na kabla hata wiki haijaisha wakawapima tena. Muda ambao umio ulikuwa umelowa tindikali ulishuka kutoka asilimia 5.1 ya siku hadi asilimia 2.5. Watu wanane ni wachache mno kujengea sheria. Kinachofanya wasipuuzwe ni ule muda: katika siku tano au sita kitambi hakijapungua cha maana, kwa hiyo nafuu haikutokana na uzito peke yake. Mwaka 2022 jaribio kubwa kidogo, la askari wastaafu wa Marekani wapatao mia moja, likaelekeza kidole mahali mahususi zaidi: waliopunguza sukari za kawaida, zile za soda, juisi na vitu vitamu, walipata nafuu kwa kipimo na kwa dalili.

Kwa nini? Sababu moja ni ya kawaida kabisa, ukubwa wa mlo. Wali na ugali ndivyo vinavyojaza sahani zetu, na tumbo lililotanuka huulegeza mlango. Ya pili iko mbali na tumbo, kwenye utumbo mpana, ambako wanga usiomeng'enywa huchachushwa na bakteria. Watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2003 kwamba uchachu huo hutuma ishara za homoni zinazoufanya mlango wa juu ulegee mara nyingi zaidi. Anayejua kitunguu kibichi kinavyomfanyia atalielewa hilo bila maabara. Ya tatu ni ya wenye kisukari hasa: sukari ikiwa juu sana damuni, tumbo lenyewe huchelewa kumwaga chakula. Chakula kikikaa, kinasubiri mlango ulegee ili kipande juu. Kuishusha sukari ni kulifungulia tumbo njia ya chini.

Pale mama mkubwa alipoteleza

Basi kiungulia chake kilirudi kwa nini? Kwa sababu ya kikaango. Mafuta ndicho chakula kinachokaa tumboni muda mrefu kuliko vyote, na ni miongoni mwa vitu vinavyoulegeza mlango. Mlo wa kuku wa kukaanga pamoja na nyama ya mafuta saa tatu usiku hauna wanga hata chembe, na sukari ya asubuhi itakuwa nzuri, lakini saa saba usiku umio utalia. Maziwa aliyokuwa akinywa yalimtuliza kwa dakika chache, kisha mafuta na protini yake vikaliamsha tumbo litoe tindikali tena. Juu ya hayo glasi moja ina sukari ya asili ya gramu 12 hivi, iliyokuwa ikimwongezea kipimo cha alfajiri bila yeye kuielewa.

Hivyo zile karatasi mbili hazipingani sana kama zinavyoonekana. Moja inakataza wanga mwingi, nyingine mafuta mengi, na zote mbili zinasahau kutaja kilichobaki: mboga za majani, samaki, mayai, kuku asiyekaangwa, maharage kwa kiasi. Kinachobaki ni kingi. Kilichokosekana ni mtu wa kuzisoma karatasi zote mbili kwa wakati mmoja.

Mtu huyo anapaswa kuisoma na karatasi ya tatu, ile ya dawa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo hatari ilipo.

Glibenklamidi, gliklazidi na ndugu zao huliamuru kongosho litoe insulini, kuwe na chakula au kusiwe. Insulini ya sindano vivyo hivyo. Anayetumia hizo akikata wanga nusu bila dozi kupunguzwa, anaelekea alikofika mama mkubwa. Waislamu wenye kisukari wanalijua jambo hili kutokana na Ramadhani: huonana na daktari kabla mwezi haujaandama ili dozi ipangwe upya. Kubadilisha sahani ni Ramadhani ya mwaka mzima, na inahitaji miadi ile ile. Sukari ikishuka chini ya 4 na mtu anatetemeka, lishe inawekwa kando: vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya dakika 15.

Dapagliflozini na empagliflozini, dawa mpya zinazotoa sukari kwa njia ya mkojo, ni habari nyingine. Zikichanganywa na lishe ya wanga kidogo sana, damu inaweza kujaa asidi za ketoni, zile ambazo mwili hutengeneza unapochoma mafuta badala ya sukari, hadi kuhatarisha maisha, huku mashine ya sukari ikisoma namba isiyotisha. Kichefuchefu, kutapika, kupumua kwa haraka kwa mtu wa dawa hizo ni safari ya hospitali, si ya kusubiri kesho. Na mwenye kisukari aina ya 1, ambaye kongosho lake halitoi insulini ya kutosha kabisa, haachi insulini kwa lishe yoyote ile, hata aliyemshauri awe na wafuasi milioni.

Kisha kuna dawa zinazoleta kiungulia chenyewe, na anayezitumia atabadilishiwa chakula bila faida. Wenye kisukari wengi wana presha pia, na amlodipini au nifedipini inayolegeza mishipa ya damu huulegeza na ule msuli wa umio. Metformini, kidonge cha kisukari kinachotumiwa na wengi, huvuruga tumbo, hasa ikimezwa kabla ya kula. Kuna ya kuyeyuka polepole ambayo wengi huivumilia vizuri zaidi. Sindano mpya za kupunguza uzito na sukari, kama semaglutaidi, kazi yake mojawapo ni kulichelewesha tumbo kumwaga chakula. Usiache yoyote kati ya hizo kwa sababu umesoma hapa. Taja kiungulia chako mbele ya anayekuandikia.

Omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, nayo inamezwa vibaya katika nyumba nyingi ninazozijua: usiku, baada ya kula, moto ukishaanza. Inafanya kazi vizuri ikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya mlo. Na ikitumika kwa miaka pamoja na metformini, zote mbili hupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu wake huleta ganzi na kuchomachoma miguuni, dalili ambazo kila mtu, pamoja na mgonjwa, atasema ni sukari. Kipimo cha damu kinatenganisha, na sindano za B12 si ghali.

Fundo la mwisho upande huu ni mishipa ya fahamu. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuharibu mshipa wa fahamu unaoliendesha tumbo. Mgonjwa anashiba kwa matonge matatu, anatapika chakula cha jana, sukari inashuka baada ya kula kisha inapaa usiku, kwa kuwa insulini imefika kabla ya chakula. Kwa mtu wa namna hii mafuta mengi na hata mboga ngumu zenye nyuzinyuzi humzidishia. Anahitaji milo midogo, laini, na mtaalamu wa lishe aliye mbele yake, si video.

Jikoni

Wataalamu huita lishe ya wanga kidogo ile iliyo chini ya gramu 130 kwa siku. Chini ya gramu 50 ni kidogo sana. Mwenye maradhi haya mawili hana haja ya kukimbilia ile ya pili. Tonge moja kubwa la ugali lina wanga wa gramu 30 hivi. Unaweza kula hilo mchana, na jingine usiku ukitaka, na bado ukabaki chini ya kiwango. Watu wengi wanaoshindwa lishe hii hushindwa kwa sababu waliambiwa wauage ugali kabisa, na ugali haukuwa tayari kuagwa.

Asubuhi ndiyo iliyokuwa ngumu kwa mama mkubwa: chai ya maziwa yenye sukari, maandazi mawili, au vitumbua. Yote ni wanga, na maandazi yana na mafuta ya kukaangia, yaani adui wa karatasi zote mbili. Sasa anakula mayai mawili ya kuchemsha na nusu parachichi, au supu ya samaki isiyo na pilipili. Chai anakunywa bila sukari na akiisubiri ipoe kidogo. Hilo la kupoa si umaridadi: mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka vinywaji vinavyozidi nyuzijoto 65 kwenye orodha ya vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio, na Afrika Mashariki ina saratani hiyo kwa wingi.

Mchana sahani imegeuzwa. Zamani mboga ilikuwa kitoweleo, kijiko kando ya mlima. Sasa mlima ni mchicha, matembele, bamia au kabichi, na ugali umekaa pembeni kama mgeni. Kisamvu ni majani ya muhogo na hakina shida. Muhogo wenyewe, mmea ule ule, ni gunia la wanga. Dagaa, perege na kibua ni protini safi, na dagaa ni rahisi kuliko nyama. Wanaodhani lishe hii ni ya matajiri wamesikia habari za unga wa lozi. Hakuna anayeuhitaji. Maharage yana wanga, lakini pamoja na protini na nyuzinyuzi nyingi, kwa hiyo sukari hupanda polepole. Kikombe kimoja kinatosha, na anayejaa gesi apunguze. Nazi iwe tui jepesi. Karanga kiganja kimoja.

Kuna imani kadhaa zinazohitaji kuvunjwa kwa upole. Dona ni bora kuliko sembe kwa virutubisho na nyuzinyuzi, lakini ni wanga. Ulezi na mtama ni wanga. Asali ni sukari kwa sehemu nne kati ya tano, iwe ya Tabora au ya dukani, ya nyuki wakubwa au wadogo. Juisi ya embe au ya miwa, "ya asili kabisa", inapandisha sukari kwa kasi kuliko tunda lililotafunwa. Soda ya chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vinane hivi, na gesi yake inalitanua tumbo. Ukiacha kitu kimoja tu baada ya kuisoma makala hii, acha hiyo.

Usiku ndio mgumu kuliko chakula chenyewe. Kwetu chakula cha usiku huiva saa tatu, huliwa taarifa ya habari ikiisha, na saa nne watu wamelala. Tumbo linahitaji karibu saa tatu kabla ya kulazwa. Mlo mkubwa uwe mchana, wa usiku uwe mdogo na uliwe saa moja usiku, baada ya magharibi. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iinuliwe kwa tofali, sentimita 15 hadi 20. Mito mingi haifai kwa kuwa inaukunja mwili kiunoni na kulibana tumbo. Kulala ubavu wa kushoto husaidia, kwa jinsi tumbo lilivyokaa. Haya yote hayana uhusiano wowote na wanga, na kwa kiungulia yanaweza kuwa na nguvu kuliko kuacha wali.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wenye ugonjwa wa figo wasianze lishe hii bila daktari; mwenye figo hasa, kwa ajili ya protini. Na kuna dalili ambazo si za kushughulikiwa kwa sahani: chakula kukwama kikimezwa, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kukonda bila kutaka, damu kupungua. Juu ya zote hizo, mwenye kisukari anaweza kupata shambulio la moyo lisilo na maumivu yale ya kawaida, linalofanana kabisa na kiungulia: uzito kifuani, kichefuchefu, jasho, kuhema. Kiungulia kinachokuja na jasho, au kinachompata mtu anapopanda ngazi na kumwacha akipumzika, kipelekwe hospitali wakati ule ule.

Mama mkubwa alirudi kliniki na karatasi zake zote tatu. Daktari alipunguza glibenklamidi nusu, akambadilishia dawa ya presha, akamwambia apime sukari mara mbili kwa siku kwa wiki mbili na kuandika. Kikaango bado kipo ukutani, kinashuka siku za wageni. Juzi alinipigia simu kuuliza kama shelisheli ni wanga. Nikamwambia ni wanga, bi mkubwa, tena wa kutosha. Akanyamaza kidogo. Nilisikia kisu kikigonga ubao.

"Basi nakata robo," akasema. "Hilo lililobaki utalila wewe ukija."